Siku Niliyomwachisha Mtoto Ziwa Nikiwa Katikati ya Ziwa

Hapa Bariadi sasa hivi nikipita sokoni naitwa Mama Ziwa, na wanaoniita hivyo wanadhani nimeshasahau ni kwa nini, na mimi najifanya nimesahau, nanunua nyanya zangu naondoka shingo juu. Lakini leo naamua kulisema mwenyewe kwa mdomo wangu, maana hadithi inayozunguka ina uongo mwingi, wapo wanaosema nilikuwa nimezama, wapo wanaosema nilipandisha mashetani, na yupo dada mmoja wa dukani aliyemwambia mume wangu kwamba nilikuwa nimeokoka. Hakuna hata kimoja. Na wewe kaka wa mwaloni uliyesimama pale na simu yako ukarekodi badala ya kunitupia kamba, kama unasoma hapa, nakutafuta.

Sasa sikilizeni. Mimi ni mama wa mtoto mmoja, anaitwa Mabula kwa sababu alizaliwa mvua ikinyesha mpaka bati likataka kung'oka, na wakati huo wa mkasa alikuwa na mwaka mmoja na miezi mitano na ananyonya kama ndama. Hanyonyi kwa njaa, ananyonya kwa mamlaka. Akiona nimekaa, anakuja. Akiona nimesimama, anavuta gauni. Nikiingia chooni anagonga mlango kwa kikombe. Na mume wangu, ambaye ni dereva wa lori na msimu wa pamba hakai nyumbani, akirudi Jumapili anaoga, anavaa shati safi, anasema, "Naenda kuangalia mpira kidogo, nipumzishe akili." Nikamwambia siku moja na mimi nataka kupumzisha akili. Akaniangalia kwa mshangao wa kweli kabisa (bora angenidharau, ningejua la kufanya), akasema, "Akili yako imechoshwa na nini, mama Mabula, si unashinda hapa hapa?"

Nililiweka moyoni hilo neno. Likakaa.

Ndipo rafiki yangu Suzi, mwenye saluni ya kusuka, akaja na habari zake. Mteja wake mmoja alikuwa na nafasi mbili za kwenda Lamadi Jumamosi, kuna kocha wa kike katoka mjini huko, anakusanya watu ufukweni mwa ziwa, kila mtu anapewa ubao mkubwa wa kujaza upepo na kasia moja refu, unasimama juu ya ubao katikati ya maji, halafu unafumba macho, kocha anakuongoza kwa sauti mpaka akili inatulia. Mteja amepata msiba, nafasi katuachia sisi.

Nikasema, "Suzi, mtu anatuliaje huku amesimama juu ya maji?"

Akasema, "Ndiyo maana kuna kocha."

Ningekuwa na akili ningeishia pale. Lakini lilikuwepo lile neno la mume wangu, na nikajiona nimesimama peke yangu juu ya ziwa, hakuna anayenivuta gauni. Nikasema naenda.

Shida ilikuwa mama mkwe. Alikuwa amekuja kutoka Shishiyu kututembelea, wiki ya pili hiyo, na mama mkwe wangu ni mtu mwema lakini ni mtu wa maswali. Ukimwambia unaenda semina, atauliza semina ya nini, ya nani, mnakula nini, na mbona jirani hajaitwa. Na huwezi kumwambia mama wa Kisukuma aliyelima pamba ekari nne na watoto saba mgongoni kwamba unaenda kusimama kwenye maji ili upumzike. Atakuangalia tu. Na mimi nikiwa mbele yake ni magoti chini, asubuhi "mwangaluka, mayu", yaani habari za asubuhi mama, mchana "mwadila, mayu", macho ardhini. Hivyo ndivyo nilivyolelewa na hivyo ndivyo nilivyoolewa.

Sasa yeye, ambaye huniita ng'wanone, yaani mwanangu, kila siku alikuwa na wimbo mmoja: "Mtoto huyu mkubwa, ng'wanone, mwachishe ziwa." Na ule wimbo ulikuwa na kiitikio chake, kwamba Mabula akishaacha ziwa ataondoka naye kwenda Shishiyu, akakae na bibi yake, akue na wenzake, anywe maziwa ya ng'ombe. Mjukuu wa kwanza, ndivyo ilivyo kwao, mume wangu mwenyewe alilelewa na bibi. Mimi kila nikikisikia kile kiitikio nilikuwa nampakata mwanangu. Silaha yangu ilikuwa moja tu: bado ananyonya. Mtoto anayenyonya hachukuliwi, hata mahakamani.

Halafu mimi huyu huyu, Ijumaa jioni, kwa akili yangu timamu na cheti changu cha kidato cha nne, nikapiga magoti nikamwambia, "Mayu, kesho nataka nimwachishe Mabula ziwa. Itabidi nishinde mbali asinione."

Niliona ni uongo mzuri kweli. Ndivyo wanavyofanya, mama anapotea mchana kutwa, mtoto analia, anazoea. Na hesabu yangu ilikuwa kwamba jioni nikirudi nitasema, mayu, nimemhurumia, nimeshindwa, yaishe. Siku moja tu ya uhuru, halafu mambo yanarudi palepale. Mama mkwe alipiga kigelegele kimoja mpaka jirani akachungulia.

Alfajiri aliniamsha yeye. Alikuwa ameshaponda majani ya mwarobaini kwenye bakuli, kijani kibichi, yananuka uchungu mpaka mlangoni. "Jipake," akasema, "ili hata ukirudi akikimbilia, akutane nao." Nikataka kusema nitapaka baadaye. Akasimama pale pale kama askari wa mtihani. Nikajipaka, jamani. Mabula akaamka, akaja moja kwa moja, akaonja, akakunja uso kama mzee aliyelamba shubiri, akaniangalia kwa masikitiko makubwa, kisha akalia kilio ambacho nilitoka nacho masikioni mpaka stendi.

Kufika Lamadi, Suzi akabadilika. Alikuwa amesuka jana yake, rasta ndogo ndogo zilizochukua saa tisa kusukwa, na alipoona maji akasema kichwa chake hakilowi. "Wewe ingia, mimi nitakupiga picha." Nikampa kanga, kandambili na simu, nikabaki na skintaiti nyeusi na tisheti, na juu yake jaketi la kuokolea, rangi ya chungwa, lililokazwa kifuani kwa mikanda mitatu. Kumbukeni hilo jaketi.

Tulikuwa sita. Kocha alikuwa binti mwembamba mwenye sauti ya asali, anaitwa Lulu, na hakuwa na kosa lolote maishani mwake isipokuwa kuzungumza na mimi. Alitufunga kamba mguuni, ubao usikukimbie ukianguka, akatuonyesha namna ya kushika kasia, akasema sheria ya kwanza ni moja: "Ukihisi unayumba, piga magoti. Magoti ndiyo usalama wako. Msione aibu."

Nikanyoosha mkono. Nikasema, "Dada Lulu, samahani. Mimi napiga magoti mwaka mzima. Leo nimekuja kusimama."

Watu wakacheka, yeye akacheka, akasema nitaona mwenyewe. Na kweli nikasimama! Siwafichi, nilianguka mara nne, nilikunywa maji ambayo darasa la Baiolojia lilituonya yana kichocho, lakini mara ya tano miguu ikashika, nikasimama wima mbele ya Mungu na watu, nikapiga kasia kushoto, nikapiga kulia, ubao ukaenda. Suzi kule ufukweni anaruka ruka. Nyie, mimi sijawahi kuwa mrefu vile. Mikono yote miwili ilikuwa yangu. Kwa dakika kama kumi hivi nilikuwa mtu ambaye hajawahi kupika uji.

Tulipofika mbele kidogo, kocha akatusimamisha tuketi kwenye mbao zetu, akawasha kispika chake kidogo kikaanza kutoa sauti ya mawimbi (tuko juu ya mawimbi, na tunawekewa mawimbi ya redio), akasema tufumbe macho.

"Vuta pumzi. Toa. Sikiliza mwili wako."

Nikasikiliza mwili wangu. Mwili wangu ulikuwa una mengi ya kusema. Ilikuwa inakaribia saa sita, Mabula hajanyonya tangu usiku, na chini ya lile jaketi la mikanda mitatu kifua kilikuwa kimejaa na kuwa kigumu kama mabuyu mawili.

"Sasa sikiliza ziwa," kocha akasema taratibu. "Ziwa linaongea na wewe. Ziwa linakwambia nini?"

Jamani. Jamani! Nilibana midomo mpaka machozi yakatoka. Ziwa lilikuwa linaniambia nirudi nyumbani nikanyonyeshe, na la pili nalo linasema hivyo hivyo. Nikalegeza mkanda mmoja, nikapumua, nikajisemea mama Mabula tulia, umekuja mbali.

"Kuna kitu umekishikilia," kocha akaendelea. "Umekishikilia muda mrefu. Mikono yako imechoka. Leo kiachilie. Achilia... kiache kiende."

Sasa ninyi mtanihukumu. Lakini mtu akikwambia mikono yako imechoka, achilia, na wewe mikononi umeshika kasia, unaachilia nini? Nikafungua vidole. Nikasikia ploo, kidogo tu. Nikajisikia mwepesi mno! Nikasema kumbe ndiyo hii wanayoitafuta matajiri. Nikaona kama nimelala kwenye pamba mpya, hakuna anayenidai chochote, na katika utulivu ule ule ndipo sauti ya Suzi ikapasua ziwa zima:

"MAMA MABULAAA! MAMA MKWE WAKO KAPIGA SIMUUU! YUKO NJIANI NA MTOTOOO! NGUO ZAKE KAFUNGA ZOTEEE!"

Nikafumbua macho.

"ANAENDA WAPIII?" Nikasimama, sijui hata nilisimamaje.

"SIMU IMEKATIKAAA!"

Hakukuwa na haja ya kuuliza. Shishiyu. Nilielewa kila kitu kwa mara moja, kama mtu aliyemwagiwa maji. Mimi nilisema namwachisha ziwa. Yeye aliniamini. Na mtoto aliyeachishwa ziwa ana safari, na safari yake naijua, kiitikio nimekisikia wiki mbili. Mimi mwenyewe nimeitupa silaha yangu, nimeipaka na mwarobaini juu yake, ili nije kukaa juu ya puto.

Nikainama nichukue kasia. Kasia lilikuwa mbali, kama hatua thelathini, linaelea zake taratibu, limetulia kuliko sisi wote.

"Kocha! Kasia langu!"

Kocha akageuka, akaweka kidole mdomoni kwa upole, maana wenzangu bado walikuwa wamefumba macho. "Usipambane na maji, mama Mabula. Tiririka nayo."

"Dada Lulu, mwanangu anachukuliwa!"

Akashtuka, akageuza ubao wake anifuate, na hapo hapo baba mmoja mnene wa ofisini, aliyekuwa ameshika utulivu wake vizuri mpaka nilipopiga kelele, akafumbua macho ghafla, akatikisika, akaingia majini na miguu juu. Ikabidi kocha aende kwake kwanza. Na ule upepo wa mchana wa ziwa, wale wa Busega mnaujua, ukaanza kuvuma kuelekea nchi kavu, ukanichukua. Haukunichukua kwa Suzi. Ulinichukua upande wa pili wa majani, kwenye mwalo wa wavuvi.

Nilijaribu kulala kifudifudi nipige maji kwa mikono kama kocha alivyotuonyesha. Kulala kifudifudi na kifua kile! Nilipiga yowe ndege wakaruka. Nikakaa kama niliyepanda ng'ombe, mguu huku mguu huku, nikawa nauchapa ubao kwa viganja na kuusemesha, "Twende! Twende wewe! Nyoosha!" kama nalima na maksai, nao kama maksai mkaidi ukazunguka pale pale ukanigeuzia mgongo. Nikaona basi, nisimame nipunge mikono, wavuvi wanione wanisaidie. Nikasimama. Nikainua mikono yote miwili juu, nikaanza kulia na kuita, na upepo unanisukuma polepole kuelekea ufukweni.

Sasa jiweke kwenye nafasi ya mama uliyekaa unaanika dagaa zako. Unainua macho, unaona mwanamke kasimama juu ya maji, mikono mbinguni, analia, anakuja.

"Huyo nani?" nikasikia mmoja anauliza.

"Nabii."

"Nabii gani na skintaiti?"

"Wa siku hizi. Huko nyuma walitembea kwa miguu, huyu kaja na godoro."

"Mama! Unatuombea au unaomba msaada?"

"Msaada!" nikalia. "Nisaidieni, mwanangu anapelekwa Shishiyu!"

"Anasema nini?"

"Anasema anapeleka neno Shishiyu."

"Basi kapotea, Shishiyu hakuna ziwa!"

Wakacheka mwalo mzima, na hapo ndipo yule kaka akatoa simu. Kuna mzee mmoja mwenye huruma aliacha nyavu zake akaingia majini mpaka kiunoni, akashika ncha ya ubao, akaanza kunivuta. Nikafuta macho ili nimshukuru. Na mama mmoja mnene, muuza sato, aliyekuwa anapara samaki pale mbele, akasimama na kisu mkononi, akanitazama, akageuza kichwa kidogo, akasema kwa sauti:

"Dada! Hebu njoo. Mbona huyu nabii anafanana na mkweo?"

Nikamtambua. Ni mama mdogo wa mume wangu. Nilimwona siku ya harusi mara moja, alikuwa amevaa kitenge cha njano. Nilijua anauza samaki, hakuna aliyenikumbusha ni wapi, na mimi sikuuliza.

Na nyuma ya chanja za dagaa akatokea mama mkwe wangu, mbeleko mgongoni, na kwenye mbeleko kichwa cha Mabula.

Kilichofuata mwili ulikifanya wenyewe. Miguu yangu ilikunjika. Mbele ya wavuvi, wauza dagaa, korongo na simu ya yule kaka, nikapiga magoti juu ya ubao, viganja pamoja, macho chini, maji yananichuruzika puani, nikasema, "Mwadila, mayu."

Na ule ubao, nawaapia, ubao uliokuwa unanirusha tangu asubuhi, ukatulia tuli. Haukutikisika hata kidogo. Dada Lulu alikuwa amesema kweli.

Salamu haiachwi hewani, hata ya mwizi. Mama mkwe akavuta pumzi ndefu (nzuri kuliko zote nilizozisikia siku ile), akaitika, "Mwadila." Kisha akauliza, "Ng'wanone, uliniambia unamwachisha mtoto ziwa."

"Ndiyo, mayu."

"Na hapa uko wapi?"

"Ziwani, mayu."

Muuza sato akaangua kicheko akakaa chini kwenye maji ya samaki.

Hapo Mabula akasikia sauti yangu. Akachomoa kichwa, akaniona, akanyoosha mikono miwili juu ya bega la bibi yake, akalia kile kilio cha alfajiri, na siku nzima kocha aliniambia niachilie nikaachilia kasia, nikaachilia akili, lakini kilichoachilia kweli kilikuwa kifua. Maziwa yalitoka yenyewe. Yalipita tisheti, yalipita jaketi, yalidondoka kwenye ubao, na kila mtu akaona, na wala sikuona aibu tena, nilishuka nikatembea kwenye maji nikiburuta ubao kwa kamba ya mguuni kama mbuzi, nikampokea mwanangu.

"Hatanyonya," mama mkwe akasema. "Ana mwarobaini huyo."

Nikakaa kwenye mtumbwi uliopinduliwa, muuza sato akanitupia kanga yake yenye magamba. Mabula akakaribia kwa tahadhari, akaonja kwa ncha ya ulimi. Akasubiri. Akanitazama. Halafu akanyonya kama mtu aliyerudishiwa mali yake, mkono mmoja umeshika rangi ya chungwa ya jaketi.

Mama mkwe alikodoa macho. Mwarobaini wake wa alfajiri, kazi ya mikono yake! Muuza sato ndiye aliyelisema, na ndilo linaloimbwa mpaka leo hapa Bariadi: "Dada, ziwa limeosha ziwa."

Nilingoja maneno. Mama mkwe akaja akakaa kando yangu kwenye ule mtumbwi, taratibu, akajinyoosha mgongo, na kwa mara ya kwanza nikamtazama usoni vizuri. Alikuwa amechoka mtu yule. Kitambaa kimekwenda upande, kwenye bega ana uji, kwenye mkono ana alama ya meno.

"Amelia tangu ulipoondoka," akasema, akiangalia maji. "Uji kaumwaga. Kikombe kanipiga nacho. Nikaenda chooni akagonga mlango. Nikasema nimlete kwa mdogo wangu hapa tumpe supu ya samaki, asahau, tulale siku tatu nne, halafu tuendelee na safari ya nyumbani. Ndani ya basi kalia mpaka na mimi nikalia. Konda akadhani tumefiwa."

Nikamfuta ule uji begani kwa pembe ya kanga.

"Ungesema tu umechoka," akasema.

"Ningesema, mayu, ungeniruhusu?"

Akafikiri kwa haki kabisa, kama mtu anayepima pamba. "Nisingekuruhusu."

Basi tukacheka. Sijawahi kucheka na mama mkwe wangu kabla ya pale, namaanisha kucheka mpaka mtu unashika mbavu, na Mabula anatikisika katikati bila kuachia.

Wakati huo ndipo Dada Lulu akafika na ubao wake, pumzi juu, kasia langu amelibeba mgongoni. Alipoona nimekaa na mtoto akaweka mkono kifuani, akasema kwa ile sauti ya asali, "Mama Mabula, umeona? Umeachilia kweli."

Nilimwambia neno ambalo silirudii hapa.

Mama mkwe akauliza, "Huyu nani?"

"Mwalimu wangu, mayu."

"Anafundisha nini?"

Nikasema, "Kukaa kimya."

"Umetoka Bariadi mpaka Lamadi kufundishwa kukaa kimya," akasema polepole. "Miaka mitatu nakufundisha mimi, na hukuwahi kuhitaji puto."

Tulikula sato pale pale, na Suzi akafika kwa bodaboda na kandambili zangu, rasta zake kavu kabisa, msaliti. Jua lilipoanza kulala tukasimama kwenda kupanda basi, mimi na mama mkwe na Mabula, na lile furushi la nguo zake zote lilikuwa pale chini kati yetu. Nikaliangalia. Mama mkwe akalinyanyua, akalipima mkononi, akanipa mimi.

"Lirudishe kabatini," akasema. "Mtoto huyu hajaacha ziwa. Na mama yake ndiye hajaacha kabisa. Siwezi kwenda Shishiyu na watoto wawili."

Ndiyo hivyo. Mume wangu aliiona ile video kabla hata sijafika nyumbani, akiwa porini na lori lake, na Jumapili iliyofuata alipovaa shati safi, mama mkwe akamwambia, "Kaa na mwanao, wenzio twende sokoni," akakaa, na tuliporudi tulimkuta na uji begani, hajui mpira uliishaje. Sikumwuliza akili yake imechoshwa na nini. Nilitaka sana, lakini sikumwuliza.

Mimi nimejifunza haya: mtu akikwambia achilia, uliza kwanza nini. Na uongo wa ziwa sisemi tena, nikichoka nasema nimechoka, kwa sauti, hata wageni wakiwepo. Kuhusu kumwachisha Mabula, wanaouliza uliza waache kuuliza. Ana miaka miwili kamili sasa, meno yote yapo, anakula ugali na sato, na ananyonya. Bibi yake anapiga simu kila wiki kutoka Shishiyu, salamu zikiisha anauliza neno moja tu, "Ameacha?" na mimi napiga magoti pale pale chumbani, ingawa hanioni, namjibu, "Bado, mayu." Ataacha siku atakayovaa sare ya darasa la kwanza, na siku hiyo nitampeleka shule mwenyewe, kwa miguu, nchi kavu.